Daktari wa Ng'ombe

Ipo nchi ambayo jina lake silitaji. Siogopi kulitaja, ila nchi yenyewe haipendi kuitwa ovyo. Huko heshima haiachwi mikononi mwa kila mtu ajitafutie mwenyewe. Ina wizara yake. Wizara ya Heshima na Makofi ina jengo la ghorofa tisa, ina idara ya kusimama wakubwa wanapoingia na idara nyingine ya kuketi wanapoketi, na ina maofisa wa wilaya wanaopita kila mkutano kupima urefu wa makofi kwa saa ya mkononi. Watu wamepangwa vizuri. Wapo Waheshimiwa, wapo Waheshimiwa Sana, na juu kabisa yupo mmoja tu, Mheshimiwa Sanasana. Picha yake imetundikwa kila ofisi. Ofisi kubwa zina mbili, ili zitazamane.

Katika mji mmoja wa nchi hiyo walikuwapo mafundi wawili wa mabango, Chande na Pazi. Walifanya kazi kibanda kimoja, nyuma ya soko, kwa miaka ishirini na sita. Kazi waliigawana hivi: Pazi anachora, Chande anaandika.

Pazi hakuingia darasani hata siku moja. Ukimpa gazeti aliangalia picha, akakuambia nani kati ya wale wakubwa viatu vinambana. Mkono wake ulikuwa wa ajabu. Akichora soda, unaona kiu. Akichora kichwa cha mwanamke kwenye ukuta wa saluni, wanaume waliokuwa wakipita walimsalimu.

Chande alisoma hadi darasa la nne, baba yake akafariki, akatoka. Lakini herufi zilikuwa zimekwisha kumkaa mkononi. Aliziandika zikasimama wima kama askari siku ya gwaride. Kuchora hakujua kabisa. Mara moja tu, Pazi alipokuwa anaumwa, alijaribu kumchorea muuza chipsi yai. Wateja wakauliza kile ni kiazi au ni jiwe.

Sasa, kila bango likimalizika, chini kwenye kona ya kulia huandikwa jina la fundi. Siku ya kwanza kabisa Chande aliuliza, "Niandike majina yote mawili?" Pazi alikuwa anaosha burashi kwa mafuta ya taa. "Kona yenyewe ndogo," alijibu. "Andika lolote. Mimi nisome kwa macho ya nani?" Chande akaandika: Na Chande. Hakuliiba jina la mtu. Aliachiwa nafasi, akaijaza, na akaendelea kuijaza miaka ishirini na sita.

Kitu kimoja zaidi lazima mkijue kuhusu hawa wawili. Chande alikuwa mtu wa Bondeni na Pazi mtu wa Mlimani, na watu wa pande hizo ni watani tangu mababu zao. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, nawe huruhusiwi kununa. Siku ya msiba wako anaweza kujilaza kwenye jeneza lako na kulalamika kwamba ni fupi. Pazi alimzidi Chande miaka mitatu, lakini salamu za adabu hazikuwahi kupita kati yao. Asubuhi mmoja alimwambia mwenzake, "Bado hujafa?" na mwenzake alijibu, "Nakusubiri wewe utangulie, ukanifagilie."

*

Siku moja gurudumu la gari la Mheshimiwa Sanasana lilipasuka mbele ya bucha ya Mzee Ngonyo. Taarifa rasmi ilisema gurudumu lilipumzika. Wakati linapumzika, Mheshimiwa Sanasana alishuka kunyoosha miguu, akamwona ng'ombe.

Ng'ombe huyo Pazi alikuwa amemchora ukutani miaka mitano nyuma. Alisimama ubavu, kichwa amekigeuza kidogo, anamtazama anayemtazama. Macho yake yalionyesha kwamba anajua vizuri kilichomo ndani ya ule mlango, na kwamba hata hivyo hataki kumsumbua mtu. Mheshimiwa Sanasana alisimama pale muda mrefu. Chozi likamtoka. Msaidizi mmoja akalipokea kwa kitambaa, mwingine akaandika saa lilipotoka.

"Huyu ng'ombe," alisema, "ananitazama kama wananchi wangu."

Wasaidizi wote wakaandika. Hakuna aliyeuliza ana maana gani.

"Nani kamchora?"

Msaidizi akainama kwenye kona. "Na Chande, Mheshimiwa Sanasana."

"Apewe."

Akapanda gari akaondoka. Wizarani walikaa siku tatu wakijadili: apewe nini? Karani mmoja alipendekeza apewe ng'ombe, akahamishiwa kisiwani. Mwishowe wakakumbuka kwamba Chuo Kikuu cha Sanaa na Mapambo kilikuwa na deni na Wizara. Kila chuo kilitakiwa kutoa shahada kumi na mbili za heshima kwa mwaka, na hiki kilikuwa kimetoa kumi na moja tu, zote kwa Waheshimiwa waliowahi kuonekana karibu na vinanda. Msanii hawakuwa wamempata bado. Basi ikaamuliwa: Chande atunukiwe udaktari wa heshima.

*

Maprofesa watatu walikuja buchani kukagua, na tai shingoni, na fomu ya kurasa kumi na nne. Siku hiyo Pazi alikuwa kwao Mlimani kwenye arobaini ya mjomba wake. Mwenyekiti wao, Profesa Shomvi, alikwenda moja kwa moja kwenye kona ya kulia, akachuchumaa, akavaa miwani.

"Tazameni hii C," aliwaambia wenzake. "Iko wazi upande mmoja. Ni herufi inayosubiri."

"Inasubiri taifa," alisema wa pili.

"Niandike hivyo?" aliuliza wa tatu.

"Andika."

Walipiga picha kumi na tisa za jina. Katika mbili ilionekana kwato.

Chande alisimama pembeni akifuta mikono ambayo haikuwa na rangi. "Profesa," alisema, "kuhusu huyo ng'ombe."

"Ndiyo, ndiyo. Ng'ombe tutamfikia."

"Hapana, nilitaka kusema, sisi tuko wawili. Mwenzangu Pazi ndiye anayechora. Mimi kazi yangu herufi."

Profesa Shomvi alivua miwani. Alimtazama kwa huruma, kama mtu anayetazama mgonjwa anayekataa kwamba anaumwa. "Huyo mwenzako sahihi yake iko wapi?"

"Hana. Hajui kuandika."

"Hajui kuandika jina lake?"

"Hajui."

"Jina gani?"

"Pazi."

Profesa alihesabu kwa vidole. "Herufi nne. Mtu ameshindwa herufi nne, ataweza ng'ombe mzima na mkia wake? Bwana Chande, unyenyekevu wako tumeuona, tutauingiza ukurasa wa tisa. Wewe umesoma hadi wapi?"

"Darasa la nne."

"Vizuri sana. Heshima hupenda mtu mwenye nafasi ndani."

Hapo Chande angeweza kusema mara ya pili. Hakuna aliyemziba mdomo, na Mzee Ngonyo alikuwa hapo hapo na kisu chake, shahidi aliyemwona Pazi juu ya ngazi siku nne nzima. Lakini tusidanganyane. Chande alikuwa amekwisha kulisikia lile neno: Daktari. Alilizungusha mdomoni akiwa amefumba midomo, akamkumbuka mwalimu wa darasa la nne aliyemwambia, "Wewe nenda tu, hatutapungukiwa." Akanyamaza. Kwenye fomu kulikuwa na kisanduku cha kunyamaza. Profesa wa tatu akakitia alama: Amekubali.

*

Pazi alirudi kesho yake, akaingia kibandani na vumbi la safari.

"Bado hujafa?"

"Nakusubiri wewe."

"Nasikia wanaume watatu wenye tai walikuja kumpima ng'ombe wangu. Wanataka kumnunua au wamekuja kumchanja?"

Chande alikuwa anachora mstari kwa rula. Hakuinua kichwa. "Walikuja kwa ajili ya herufi."

"Herufi?"

"Wanataka kunipa karatasi. Kwa ajili ya herufi."

Pazi aliweka mzigo chini. Kisha akacheka mpaka akashika nguzo. "Mtu wa Bondeni kupewa karatasi! Ninyi karatasi mnaijua ya kufungia maandazi! Utaila wewe, mtani, nakuambia utaila kabla hujafika nyumbani." Akamshika Chande mabega, akamtikisa. "Ala! Herufi zako wameziona! Mimi si nilikuambia? Si nilikuambia kuna siku mtu ataziona? Nitakuja huko, nitakupigia vigelegele kama shangazi yako."

Chande aliurudia ule mstari. Ulikuwa umepinda.

Wiki mbili baadaye Chuo kilileta turubai kubwa. Ilitakiwa picha ya mtunukiwa amevaa joho, itundikwe nyuma ya jukwaa. Chuoni palikuwa na maprofesa arobaini na mmoja wa uchoraji, lakini kuchora kwenyewe walikuwa wamekuacha zamani ili kusiwaharibie utafiti. Hivyo kazi ililetwa kwa Daktari mtarajiwa ajichore mwenyewe.

Ikawa Chande anasimama juu ya kreti la soda jioni mbili, amejifunga shuka jeusi, na Pazi anamchora. Miaka yote hiyo Pazi hakuwahi kumtazama namna ile, kama alivyomtazama yule ng'ombe.

"Tulia," alisema. "Macho yako yanakimbia. Una nini?"

"Jua linaniumiza."

"Jua liko nyuma yako, mtani."

Pazi alichovya burashi, akaendelea. Alimchora mzuri kuliko alivyo, na macho akayatuliza. Picha ilipokauka Chande akaandika juu yake, herufi za futi nzima: DAKTARI CHANDE, MCHORAJI WA TAIFA.

"Umeandika nini hapo?" aliuliza Pazi.

"Jina langu."

"Refu hivyo?"

"Wameniongezea."

Pazi alirudi nyuma hatua tatu, akaangalia, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Limekaa vizuri," alisema. Na Chande, kwa mazoea ya mkono tu, alipiga magoti kwenye kona ya kulia akaandika: Na Chande.

*

Ukumbi siku hiyo ulijaa. Watu wa Idara ya Kusimama walisimama, wa Idara ya Kuketi wakaketi, ofisa wa makofi alikuwa na saa mbili, moja ya akiba. Mheshimiwa Sanasana alituma kiti chake, kikawekwa mbele na kupewa maji. Pazi alikaa mstari wa mwisho, amevaa koti la marehemu mjomba wake, mikono ameikunja kwenye magoti. Aliiona picha yake imetundikwa, kubwa kuliko mlango wa ghala, akamgusa jirani yake. "Ile," alisema, "kazi ya kibanda chetu."

Profesa Shomvi akasimama kusoma wasifu. Alisoma dakika hamsini. Alisema mtunukiwa ametuonyesha kwamba ng'ombe si nyama tu, ng'ombe ni msimamo. Alisema miguu minne ni mihimili minne ya maendeleo, na kwamba mkia, kwa kuwa uko nyuma, ni upinzani. "Kwa kumchora ng'ombe huyo," alisema, "kwa mkono wake mwenyewe, bila kusaidiwa na mtu yeyote, Chande wa Bondeni anatunukiwa leo Udaktari wa Heshima wa Uchoraji."

Chande aliinama avalishwe kofia ya pembe nne. Aliinama muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu akiinuka angeuona mstari wa mwisho.

Aliinuka. Akauona. Pazi alikuwa bado ameketi, lakini si kama mwanzo. Mikono ilikuwa imetoka kwenye magoti.

Sasa, katika ratiba ya Wizara, baada ya kofia kilifuata kipengele kiitwacho Utani wa Jadi, dakika tatu. Mtani Mkuu wa Serikali alitakiwa kusoma mizaha sita iliyopigwa muhuri. Lakini asubuhi hiyo alikuwa amepandishwa cheo kuwa Mheshimiwa, na Waheshimiwa hawatanii. Mshereheshaji akababaika, akapekua karatasi, kisha akapata wazo.

"Je, hapa ukumbini hakuna mtani wa Daktari? Mtu wa Mlimani?"

Pazi akasimama. Watu wakashangilia. Alitembea polepole kutoka nyuma mpaka mbele, koti linampwaya, akapewa kipaza sauti, akakishika kama burashi.

"Mimi ni mtani wake," alisema.

Ukumbi ukacheka. Ulikuwa umesubiri dakika hamsini kupata ruhusa.

"Huyu mtu hajui kuchora."

Wakacheka zaidi. Mheshimiwa mmoja alijipiga paja.

"Hata yai. Alichora yai, watu wakasema ni kiazi. Ulizeni muuza chipsi. Yule ng'ombe nilimchora mimi. Siku nne, juu ya ngazi. Na hii picha hapa nyuma yangu nimeichora mimi. Yeye alikuwa amesimama juu ya kreti."

Watu walikuwa wanalia kwa kicheko. Profesa Shomvi alikuwa ameshika mbavu. "Mtani hodari!" alipiga kelele mtu. "Muongezeni dakika!"

Pazi alisubiri wanyamaze. Hawakunyamaza. Uso wake haukuwa na mzaha hata chembe, na kadiri ulivyokosa mzaha ndivyo walivyozidi kuvunjika mbavu. Kwao haukuwahi kuonekana utani wa uso mkavu namna ile. Akawageuzia mgongo, akamtazama Chande.

"Waambie," alisema. Hakulisema kwenye kipaza sauti. "Mimi hawanisikii. Waambie wewe, mtani."

Akampa kipaza sauti.

Kimya kikaingia kidogo, kimya cha watu wanaosubiri kucheka tena. Chande alikishika. Jasho lilimshuka chini ya joho mpaka kwenye soksi. Neno alikuwa nalo. Lilikuwa fupi: Ni kweli. Alikuwa amelifikia kabisa, ulimi ulikuwa umekwisha kukaa mahali pake. Akaona kiti kitupu chenye maji. Akaona mke wake mstari wa pili, na kanga mpya, na majirani aliokuja nao.

"Mnamsikia mtani wangu?" alisema Chande, akacheka.

Makofi yalidumu dakika nne na sekunde ishirini. Ofisa alilazimika kutumia saa ya akiba.

Pazi alimtazama usoni wakati makofi yanaendelea, taratibu, sehemu kwa sehemu, kama mtu anayemaliza kazi na hataki kurudi kupima tena. Kisha akashuka jukwaani, akatoka kwa mlango wa pembeni.

*

Mambo yakaenda vizuri. Wizara ilituma mafundi wakaukata ukuta wa bucha, ng'ombe akapelekwa makumbusho, akawekwa nyuma ya kamba. Bucha ya Mzee Ngonyo ikabaki na pande tatu. Nzi waliingia bila kubisha hodi. Alipoandika barua kuulizia ukuta wake, alijibiwa kwamba jina lake limeingizwa katika orodha ya waliopata bahati.

Mtaani Chande aliitwa Daktari wa Ng'ombe. Siku ya pili tu mama mmoja kutoka shamba alimletea mtamba anayeharisha. Chande alimweleza kwamba yeye si daktari wa namna hiyo. "Sasa ni daktari wa namna gani?" aliuliza yule mama, bila ubaya wowote, anataka kujua tu. Chande alifikiri. Akampa nauli ya kurudi.

Siku tatu hakwenda kibandani. Siku ya nne alikwenda, njiani akijipangia maneno. Alikuwa amejiandaa kutukanwa. Alikuwa hata na hamu ya kutukanwa; alijua Pazi ana matusi ya Mlimani yanayomkata mtu kama msumeno, akayataka yote, mpaka ya bibi yake. Akitukanwa vya kutosha, aliwaza, wataweza kuanza upya.

Pazi alikuwa ameketi kwenye kigoda, anamalizia cherehani kwenye bango la fundi nguo. Alimwona Chande mlangoni. Akaweka burashi chini. Akasimama. Akavua kofia yake yenye madoa ya rangi, akaishika kwa mikono miwili kifuani, yeye aliyemzidi mwenzake miaka mitatu.

"Shikamoo, Daktari," alisema.

Chande alidhani hakusikia vizuri. Alisubiri kicheko kifuate. Hakikufuata.

"Pazi, usifanye hivyo. Mtani. Nitukane."

"Siwezi, Daktari. Nitakukosea adabu."

"Uliniuliza bado sijafa kila siku kwa miaka ishirini na sita."

"Niliyokuwa nayo niliyasema pale ukumbini, ukawaambia ni utani. Basi utani wangu ndio ulikwisha pale." Hakuinua sauti. Alichukua kitambaa akafuta kiti cha Chande, kile kile chenye mguu uliofungwa waya, akakivuta mbele. "Karibu kiti. Bango limebaki kidogo tu. Kona nimekuachia."

Chande aliitazama ile kona. Nyeupe, safi, upana wa kiganja. Akachukua burashi ndogo, akaichovya, akapiga magoti.

"Leo naandika jina lako," alisema. "Naandika Pazi. Herufi nne tu."

"Kona yenyewe ndogo, Daktari."

Burashi ikabaki hewani. Tone la rangi nyeusi likaanguka sakafuni. Chande aligeuka. Pazi alikuwa bado amesimama, kofia ameirudisha kifuani, kichwa amekiinamisha kidogo. Chande hakuelewa anasubiri nini. Kisha akaelewa. Alikuwa ametoa salamu na hajaitikiwa, na mtu mwenye adabu haketi mbele ya mkubwa wake kabla hajaitikiwa.

Pazi asingeketi. Angesimama hivyo mpaka jioni.

"Marahaba," alisema Chande.

Pazi akavaa kofia yake, akaketi, akaendelea na kazi.